Gripu Haivalishwi kwa Sabuni

Weka chini hiyo sabuni.

Ndiyo, wewe uliyechutama chini ya turubai kando ya daraja la Mulongwe hapa Uvira, usukani wa pikipiki katikati ya magoti, kipande cha sabuni ya kufulia mkononi. Ninasema nawe na wenzako wote wa hapo, na wale wa Kalundu, na wale wa barabara ya Bwegera ambao nimewaona kwa macho yangu wakitumia mate siku sabuni ilipokosekana. Mate! Mtu anakukabidhi kitu atakachokishika njia nzima, roho yake ikiwa hapo kwenye viganja, nawe unatema.

Mimi si pasta na sina mahubiri. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu ilikuwa moja: kuvua mipira ya kushikia iliyochakaa na kuvalisha mipya. Nimeiacha, si kwa uzee, maana nina arobaini na saba tu, bali kwa sababu kifua kimekataa. Daktari aliweka sikio la chombo chake mgongoni mwangu, akasikiliza kama mtu anayesikiliza redio mbovu, akasema, "Chagua, Papa. Harufu ya esanse au pumzi." Nikachagua pumzi, nikaachana na esanse, yale mafuta ya kuendeshea pikipiki. Tangu siku hiyo nimekaa nyumbani kama kuku anayeatamia, mimi ambaye sijawahi kumaliza miaka minne katika mji mmoja. Kwa hiyo hasira yangu ina milango mingi ya kutokea. Leo imetokea mlango wa sabuni.

Kazi hiyo nilijifunzia kwenye gofu. Chekeni sasa, tumalize.

Gofu ni mchezo wa watu wanaopiga kijipira cheupe, kidogo kama yai la njiwa, kwa fimbo ya chuma. Wakishakipiga wanakifuata kwa miguu, na wakikikuta wanakipiga tena. Nilipomweleza mjomba wangu wa Kiringye, mkulima wa mpunga, alisimamisha jembe lake akauliza, "Bakikikuta, banakula?"

"Hapana, Mujomba."

"Banauza?"

"Hapana. Banakipiga tena, kiende mbali."

Akaegemea jembe. "Basi bale bantu banaadhibiwa na nani?"

Nilivuka mpaka kwenda Burundi nikiwa kijana mwenye diploma ya sekondari mfukoni na miguu isiyotulia. Kiwanja kimoja cha gofu ng'ambo walinipa kazi ya kukata majani. Nyuma ya stoo ya mifuko kulikuwa na chumba chenye dirisha kubwa, na ndani yake Mzee Salvatori, Mrundi mwembamba mwenye vidole virefu, ambaye ndiye aliyetengeneza fimbo za wachezaji wote. Nilikuwa nikipitisha toroli langu la majani mbele ya dirisha lile mara nyingi kuliko majani yalivyohitaji. Siku moja akanyanyua macho.

"Ewe sha, unachungulia nini?"

"Naangalia tu, Mzee."

"Ukiwa nje utaona nusu. Ingia. Macho yako hayanipunguzii kitu."

Ndivyo nilivyoingia, na toroli likabaki pale hadi majani yakakauka.

Kila fimbo ya gofu ina soksi ya mpira upande wa kushikia. Tuliiita gripu. Jua linaikausha, jasho linaitia mafuta, na baada ya muda inang'aa kama soli ya kiatu cha karani. Ikifika hapo, mchezaji analazimika kukaza vidole ili fimbo isimtoke, na aliyekaza vidole hapigi vizuri. Basi gripu inavuliwa, inavalishwa nyingine. Ukiisikia hivyo ni kazi ya robo saa. Mzee Salvatori alinifundisha kwa miezi saba.

Kisu chenye ncha ya ndoana, unakata kwenda mbele, kamwe si kuelekea tumbo. "Hicho kisu hakina undugu na weye," alisema. Ukiwa na fimbo ya chuma unaweza kukata kwa nguvu. Ukiwa na ile nyeusi nyepesi ya nyuzi, unakata kama unamenya ndizi mbivu, maana ukiikwaruza umeiua, itavunjika mwezi ujao na utasema hujui. Gripu ikitoka, chini yake kuna skochi ya zamani, ule utepe wa gundi. Wavivu wanavalisha juu yake. Wewe ibandue yote. Ikigoma, iweke fimbo juani, unywe chai, gundi italegea yenyewe. Kisha futa hadi bomba, yaani mwili wa fimbo, liwe safi kama sahani ya mgeni.

Halafu skochi mpya, ile inayonata pande mbili. Unailaza kwa urefu wa bomba na kuikunja kulizunguka, na juu unaiacha izidi kwa upana wa vidole viwili, unaipinda na kuisukuma ndani ya tundu la bomba ili maji yasiingie. Sasa chukua gripu mpya, ziba kitundu chake cha chini kwa kidole, mimina esanse ndani, ziba mdomo, tikisa. Ile esanse uimwage juu ya skochi, ilowe yote, usibakishe hata upana wa ukucha. Halafu elekeza mdomo wa gripu kwenye bomba na sukuma kwa pumzi moja.

Pumzi moja! Usisimame katikati kujikuna pua. "Ukisimama katikati umeoa," Mzee Salvatori alikuwa akisema. "Kurudi huwezi, kwenda huwezi, na majirani wanaangalia."

Ikishafika mwisho una dakika moja au mbili za kuinyoosha, mistari yake itazamane na uso wa fimbo. Baada ya hapo unaiweka kando na kuisahau hadi kesho. Hili la kuisahau ndilo gumu kuliko yote, na nyinyi vijana ndilo mnaloliruka.

Mnafikiri esanse kazi yake ni kuteleza. Kama ni kuteleza, hata mawese yanateleza. Esanse inaiamsha gundi, inaifanya laini, mpira unapita, halafu yenyewe inaruka hewani na kuacha gundi na mpira wameshikana peke yao. Ni mgeni mzuri: anasaidia kazi, anaondoka. Sabuni ni mgeni anayebaki. Inakauka, unaona imeshika, mwenye pikipiki anakushukuru. Mvua ya kwanza ikinyesha, sabuni inaamka ndani kule, na mpira unazunguka mkononi mwa mtu akiwa kwenye mteremko wenye mashimo.

Nami niliwahi kukosea, tena vibaya. Ulikuwa wakati ambao esanse imeadimika ng'ambo. Mzee Salvatori alikwenda mazikoni mlimani akaniachia mfuko mzima wa mfanyabiashara mmoja mnene, fimbo kumi na nne, aliyezitaka kabla ya mashindano yao. Kopo la esanse la Mzee lilikuwa na mabaki tu, nami sikutaka kuligusa. Nikavuka mpaka kuja Uvira, nikanunua chupa kwa kadafi, wale wauzaji wa mafuta ya chupa kando ya barabara, nikarudi nayo ndani ya koti. Nilivalisha zote kumi na nne jioni moja. Nilijiona bingwa.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana yule bwana akasimama kwenye majani, akajipinda, akapiga. Kijipira kilibaki palepale. Fimbo ndiyo iliyoruka, ikapita juu ya vichwa vya wabeba mifuko wawili na kujichoma kwenye ua wa miti. Yeye akabaki ameshika gripu tupu, kama mtu aliyekamata nyoka akaachiwa ngozi.

Mzee Salvatori aliporudi hakunipiga wala hakunitukana. Alichana karatasi ya daftari, akadondosha tone moja kutoka kwenye kopo lake na tone moja kutoka kwenye chupa yangu, akaiweka juani, akakaa. Mimi pia nikakaa. Tone lake lilikauka, karatasi ikawa kama haijaguswa. Langu liliacha doa, kama karatasi ya sambusa.

"Ona. Hiyo imekaa. Wamechanganya na petroli." Petroli kwetu ni mafuta ya taa, na mafuta ya taa hayaruki. "Weye hukunusa?"

"Nilinusa, Mzee."

"Ukaona nini?"

"Nikaona niko na haraka."

"Aha. Basi usimtukane kadafi."

Nilizivua zote kumi na nne, mwenye mali akiwa amekaa kwenye kiti mbele yangu, akinihesabia kwa sauti.

Miguu yangu ilipoanza kuwasha niliondoka. Sikuaga vizuri, na hilo linaniuma hadi leo. Nilishuka ziwa kwa meli ya mizigo hadi Kalemie, nikapanda gari la moshi lililokaa njiani siku nyingi kuliko lilivyotembea, nikafika Lubumbashi, nako kuna gofu. Huko nilikuta fundi anayevalisha kwa upepo: anaweka mdomo wa kompresa kwenye kitundu cha gripu, mpira unavimba kama chura na kupanda bomba wenyewe, bila esanse. Nilisimama mdomo wazi. Lakini umeme ulipokatika yeye alikaa, mimi nikaendelea. Huko ndiko nilikojifunza pia kupima mkono. Mwambie mtu ashike. Ncha za vidole zikichimba kiganja, mpini ni mwembamba, ongeza mzunguko wa skochi chini yake. Zikiwa mbali na kiganja, ni mnene, punguza. Zikigusa kidogo tu, kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala, hapo acha. Mzee mmoja mwenye vidole vilivyokakamaa nilimwekea mizunguko mitano na akarudi kunishika mkono akitokwa na machozi, eti ameacha kuota maumivu.

Nilikwenda na miji mingine, sitaitaja yote. Kila mji nilipofika niliukumbuka ule niliouacha, na nikiurudia niliouacha haukuwa uleule. Mwisho nilirudi hapa, baada ya maji ya mto Mulongwe kubomoa ukuta wa jiko la dada yangu mkubwa, Yaya Feza, ambaye hana mtu mwingine ila mimi.

Uvira hakuna gofu. Kuna pikipiki. Nikatandika turubai langu kando ya daraja na kuanza kuvalisha puanye, kama mnavyoziita hapa gripu za usukani, kwa njia ileile ya fimbo za wakubwa. Siri ndogo kwa upande wa kulia, ule wa kuongeza mwendo: gundi isivuke kugusa chuma cha usukani, la sivyo mpira unakwama wazi na motari, dereva wa pikipiki, anakwenda hadi ziwani bila kupenda. Mamotari walinijua upesi. Walisema puanye za yule Papa hazizunguki. Walitoka hadi Kiringye.

Yaya Feza anatembea kwa mikongojo miwili ya chuma tangu utotoni. Ni ile ya kiwikoni, yenye bomba fupi lililolala ambapo kiganja kinabeba mwili wote. Anauza mchele wa Bwegera kwenye soko dogo la ng'ambo ya mto, na kutoka nyumbani hadi pale kuna mawe, matope, na kipande cha barabara kilicholiwa na maji. Wengine tunatembea kwa miguu. Yeye anatembea kwa mikono. Mkono wake ukiteleza hakuna soko, na bila soko anakuwa mtu wa kungojea kuletewa, jambo ambalo tangu tukiwa watoto alilichukia kuliko njaa.

Sasa sikilizeni jinsi fundi mkubwa aliyezunguka miji yote alivyomtendea dada yake. Mipira ya kushikia ya mikongojo yake ilipokwisha aliniambia. Nilikuwa nimeshaacha kazi, kifua kinapiga filimbi, nimenuna. Nikamwambia nitaona. Wiki ikapita. Akaniambia tena.

"Yaya, nilisema nitaona."

"Utaona na macho gani? Ya kwako iko inaangalia barabara tu, kama ya mutu anangojea gari."

"Kesho."

"Kesho yako ina ndevu," akasema, akaondoka. Akampelekea Kashindi.

Kashindi ni kijana wa miaka ishirini na kitu, ana mke, turubai lake lilikuwa jirani na langu kwa mwaka mzima. Alimpokea vizuri. Bomba la mkongojo ni jembamba kuliko usukani, kwa hiyo puanye ya pikipiki ilicheza. Akajaza kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, akapaka sabuni, akasukuma. Iliingia safi. Yaya alitembea nayo siku sita za jua na kila mtu aliyemwuliza alimsifu Kashindi, hasa mbele yangu.

Siku ya saba mvua ilinyesha asubuhi. Kwenye mawe ya mto, akiwa na beseni la mchele kichwani, mpira wa mkono wa kulia ulizunguka kama kifuniko cha chupa. Wanawake waliokuwa nyuma yake walimrudisha nyumbani wamembeba. Kifundo cha mkono kilivimba kama muhogo. Mchele uliliwa na bata. Alilala na uso ukutani na hakulia, lakini nilipoisimamisha mikongojo karibu na kitanda aliisukuma ikaanguka.

"Ondoa hivi vitu. Minye sishiki tena."

"Mkono utapona, Yaya."

"Mukono utapona. Lakini minye nitajuaje hii haizunguke tena? Weye unaposhuka kitanda, unaulizaka miguu yako kama iko ya kweli?"

Nikachukua ule mkongojo wa kulia na kutoka nao. Nilikwenda mbio, kifua kikipasuka, nikiupeperusha juu kama mkuki, na mama mmoja anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, akaita, "Papa, kama unakimbia vile, bekiyi ya nini?" Watu wakacheka kuona mwenye bekiyi, yaani mkongojo, akikimbia, wakanifuata.

"Nani alivalisha hii?" Nilipiga kelele hadi wanaovuka daraja wakasimama.

Kashindi akainuka, povu la sabuni kwenye vidole. "Minye, Papa. Kuna nini?"

Nikamwambia kilichotokea kwa Yaya. Uso wake ulisawijika. Lakini mimi sikuwa nimemaliza, nilitaka kula mtu. "Weye ni fundi au muuaji? Sabuni kwenye mpini wa muntu anayetembea kwa mikono! Mjinga gani alikufundisha?"

Akanitazama. Hakukuwa na dharau machoni pake, kulikuwa na mshangao, kama mtu anayedhani anataniwa.

"Papa, iko weye."

"Minye? Sikukufundisha hata siku moja!"

"Siku ile ya mvua. Ulikuwa unavalisha moto nyekundu, pikipiki ya mwalimu. Nikakuuliza, Papa, unamiminaka nini mule ndani inaingia mbio vile? Ukaniambia: sabuni, mwana. Sabuni ya kufulia na mukono mwepesi." Akageuka kwa wenzake. "Minye nikaambia hawa bote. Sivyo?"

"Iko vile," wakasema. "Sabuni ya Papa."

Sabuni ya Papa. Wameipa na jina.

Nikakaa chini kwenye tairi. Mnadhani nilikuwa nimesahau? Sikuwa nimesahau kitu. Esanse niliiweka ndani ya chupa ya maji ya kunywa niliyoichana karatasi, na nilipoimimina niliwapa mgongo. Karatasi ya kupimia doa niliitafuna na kuitema wasiione. Na siku ile ya mvua, kijana alipouliza kwa heshima, mikono nyuma, niliona mamotari wangu wakihamia turubai lake, nikamdanganya. Nilicheka njia nzima nikirudi nyumbani. Nilimweleza Yaya mwenyewe kwamba nimemwuzia jirani ujinga, naye alisema, "Haya, iko akili ile?" nikadhani anatania. Ule uongo ulitoka kwenye turubai moja kwenda jingine, ukapanda barabara hadi Bwegera, ukazunguka mwaka mzima ukitafuta mkono wa kuangusha. Ukampata dada yangu.

"Nilikudanganya," nikasema.

"Unasema nini?"

"Haikuwa sabuni. Ilikuwa esanse, na skochi chini yake. Nilikudanganya ili usichukue kazi yangu."

Hapo ndipo nilipoona hasira ya kweli, maana yangu ilikuwa kelele tu. Kashindi alifuta povu kwenye suruali polepole, kidole kimoja kimoja. "Mwaka muzima, Papa. Mwaka muzima unapita hapa, unatusalimu, unaona tunapaka sabuni, unanyamaza. Minye nilivalisha vile moto ya kaka yangu. Anabebaka bibi na batoto yake."

"Najua."

"Haujue! Kama ungejua usingelala." Akachukua mkongojo mkononi mwangu na kuuweka katikati ya turubai. "Basi fundisha. Sasa hivi. Mbele ya bote. Na usinigeuzie mugongo."

Nilikaa upande unakotoka upepo wa ziwa ili harufu isinifikie, nikafundisha kwa mdomo. Yeye alikata mpira, akatupa ule ukanda wa tairi, akaosha sabuni kwa maji mara tatu, tukasubiri jua likaushe. Alitaka kuendelea kabla halijakausha, nikamwambia shida yote ya parking hii ya mafundi ni hiyo haraka, akanijibu shida yote ya parking hii amekaa kwenye tairi. Wenzake wakapiga makofi. Nilistahili. Niliwaonyesha kwenye kiganja changu namna ya kupima mkono wa mtu, nikampa kipimo cha kiganja cha Yaya, akazungusha skochi mara tatu. Esanse ya kwanza tuliyoletewa iliacha doa kwenye karatasi. Ya pili pia. Ya tatu ilikauka safi na wote wakainama kuitazama kana kwamba ni hati ya shamba. Alipoanza kusukuma akasimama katikati.

"Papa, iko vizuri?"

"Sukuma!" tukapiga kelele watu kumi kwa pamoja, na akasukuma. Kesho yake nilimletea na ule wa kushoto, akauvalisha vilevile.

Siku zilizofuata tulisimama barabarani na kusimamisha pikipiki. Wengine walitutukana, wakasema ni ujanja wa kutafuta wateja. Kaka yake Kashindi alikuwa wa kwanza kuvuliwa zake. Lakini waliovalishwa sabuni kwa sababu yangu ni wengi kuliko tunaoweza kuwakuta pale darajani. Ndiyo maana ninaandika haya na kuyapeleka kwa kila mtu anayejua kusoma kando ya barabara hii. Mkinitukana baada ya kusoma, mna haki. Ila kwanza vueni, osheni, kausheni, mvalishe upya. Na kijana mwenzenu wa turubai la jirani akiwauliza mnamimina nini ndani, mwonyesheni chupa na mwacheni ainuse.

Mkono wa Yaya ulipona baada ya wiki kadhaa. Siku zile zote alijikokota kwenye mkeka, akanikataza kumsaidia, na mikongojo ilisimama kwenye kona bila kuguswa. Asubuhi moja Kashindi alikuja kumsalimu. Alichukua ule wa kulia, akapiga magoti, akamwekea mapajani.

Yaya akashika. Akakamua. Akauzungusha kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, meno yamekazana, mishipa ya shingo imesimama. Akamwambia Kashindi alete maji, akaumwagia mpira wote, akajaribu tena. Haukusogea hata unywele.

"Nani alitengeneza?"

"Kashindi," nikasema.

"Na ile ya sabuni? Bantu banasema kwenye mutaa, lakini minye nangojea kusikia kwa mudomo yako."

"Sabuni ilikuwa yangu, Yaya. Nilimdanganya."

Nilitamani anipige. Akauvuta na mkongojo wa kushoto, akautikisa, akajiinua taratibu hadi akasimama wima katikati ya nyumba, akisikiliza viganja vyake. Kisha akanionyesha kwa kidevu gunia la mchele lililokuwa mlangoni.

"Beba."

"Yaya, kifua changu..."

"Minye sikuulize kifua. Beba."

Nililibeba. Alitangulia kushuka kwenye mawe ya mto, akitua mkongojo mmoja, akingoja, akiuegemea, akitua mwingine. Mimi nilikuwa nyuma, nimeinama chini ya gunia, kifua kikipiga filimbi kila hatua. Alipofika ng'ambo hakusimama kunisubiri.